Mkono Ndani ya Kizibao

Hapa Kisumu, ukitoka Mamboleo ukazunguka mpaka Otonglo, na watu wakakukaribisha nyumbani kwao, utaona jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa. Katika sebule nyingi, juu ya kochi, pale ambapo huwekwa picha ya aliyetangulia, mzee wa nyumba amesimama wima ndani ya suti nyeusi. Mwanga unamwangukia kutoka kushoto. Mkono wake wa kulia ameuingiza ndani ya koti, juu kidogo ya tumbo. Mwalimu amesimama hivyo. Mwuza mkaa amesimama hivyo. Hata mpiga tarumbeta wa kanisa amesimama hivyo, ingawa maisha yake yote mkono huo ulikuwa kwenye tarumbeta.

Mimi ndiye niliyewasimamisha. Na aliyenifundisha ni ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekufa zamani sana, ambaye hakuwahi kuliona ziwa letu na ambaye angeshangaa kusikia ana mwanafunzi katika mtaa wa Migosi.

Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa kidato cha pili. Tulibaki wanne: mimi, ndugu yangu wa kiume anayenifuata, mdogo wetu wa kike, na mziwanda, binti ambaye siku ya mazishi ya baba alikuwa bado anatambaa na kula udongo wa kaburi. Baada ya matanga wakubwa waliketi kutugawa. Mmoja aende Kisii kwa mjomba, mmoja Busia, mziwanda achukuliwe na mke wa binamu ambaye hakuwa na mtoto. Walizungumza kwa upole, kwa nia njema, kama watu wanaogawana vyombo visipotee.

Nikasema hapana. Nilisema nikiwa nimesimama, jambo ambalo msichana hafanyi mbele ya wazee.

"Utawalisha na nini?" akauliza mmoja.

Kabla sijajibu, shangazi yetu, dada ya baba, ambaye sisi humwita Waya kama Wajaluo wote wanavyomwita dada ya baba, alinishika mikono yote miwili akaigeuza juu chini mbele ya watu. Shuleni walikuwa wakinicheka kwa mikono hii. Mikono ya kiume, walisema, mikono ya kupakua mawe. Waya aliitazama, akawaambia wazee, "Mwacheni. Huyu ako na mikono ya babake. Hataangusha kitu."

Wakatuacha. Sikurudi shule. Tulipanga chumba kimoja Migosi, na nikapata kazi ya usafi katika nyumba ya wageni ya zamani kule Milimani, upande unaotazama ziwa. Mwenye nyumba alikuwa mama Mhindi aliyezaliwa papa hapa Kisumu, anayesema Kijaluo bila kigugumizi. Babake aliinunua nyumba kutoka kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao, aliyeacha kila kitu ndani: vijiko, pazia, kichwa cha nyati, na juu ya meko ya sebuleni, ambayo haijawahi kuwashwa moto kwa sababu ya joto letu, picha kubwa ya rangi katika fremu ya dhahabu.

Sisi wafanyakazi tulimwita Kapteni. Alikuwa amevaa koti la buluu nzito lenye makunjo meupe kifuani, vifungo vya dhahabu mistari miwili, na ndani yake kizibao cheupe, ile fulana ya vifungo. Nywele zake zilikuwa nyeupe ingawa uso ulikuwa wa kijana. Kofia yake ameibana kwapani kushoto. Mkono wa kulia umeingia ndani ya kizibao. Nyuma yake bahari imechafuka na meli ndogo imelala upande. Chini ya fremu kulikuwa na kibati cha shaba chenye jina la meli na mwaka, elfu moja mia saba na kitu. Hicho kitu kilikuwa kimefutika kwa miaka mingi ya kung'arishwa.

Mpishi, mzee wa Kikuyu aliyekuja Kisumu akiwa kijana na hakuondoka tena, alikuwa na habari zake kamili. "Huyo ndiye alileta meli ya kwanza hapa," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Waliibeba vipande vipande kutoka Mombasa, yeye akiwa mbele na upanga." Nilimwamini mpaka nilipohesabu miaka ya kile kibati. Mtu huyo alikuwa ameoza zamani wakati mji wetu haujawa hata kituo cha reli. Nilipomwambia mpishi, hakutetereka. "Basi ni babu yake," akasema, akaendelea kukatakata vitunguu.

Kumpangusa Kapteni ilikuwa kazi ya Jumamosi. Mama mwenye nyumba alinifundisha mwenyewe: panda ngazi, kitambaa laini kikavu, usitumie maji kamwe, toka juu kushuka chini kama unampangusa mtoto mgonjwa. Kulikuwa na doa moja tu lililonisumbua. Katikati ya kizibao cheupe, karibu na pale mkono ulipoingilia, palikuwa na kivuli cha kijivu, kama mtu alipapasa na vidole vya masizi. Kila Jumamosi nilikifuta. Hakikutoka.

"Bado kuna uchafu hapo," mama mwenye nyumba alisema akiwa chini na miwani yake.

"Nimejaribu, Mama."

"Jaribu kwa adabu. Usikwangue."

Nilijaribu kwa adabu kwa miaka.

Siku moja nikiwa juu ya ngazi, pua yangu karibu na kifua chake, niliona jambo lililobadilisha maisha yangu. Kifungo hakikuwa kifungo. Kutoka chini kiling'aa kama dhahabu halisi, ungetamani kukichomoa. Lakini pale juu kilikuwa alama tatu tu: ya hudhurungi, ya manjano, na tone jeupe dogo kama chumvi. Mtu alikuwa ameweka alama tatu akanidanganya mimi, na mpishi, na wageni wote, kwa miaka yote hiyo. Nilishuka nikaangalia. Dhahabu. Nikapanda. Alama tatu. Nilishuka na kupanda mpaka mpishi akaja mlangoni akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Jioni hiyo nilichukua rangi iliyobaki baada ya kupakwa lango, ya manjano na nyeupe, nikaongeza masizi ya sufuria, na nyuma ya ubao wa kalenda nikachora kifungo. Wadogo zangu walikaa wamenizunguka. Ndugu yangu akanyoosha kidole kukigusa ili ahakikishe kiko bapa. Basi. Shule yangu ilianzia hapo. Kila Jumamosi nilisoma sehemu moja ya Kapteni: wiki hii ukosi, wiki ijayo kivuli cha pua, mwezi mzima jicho. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kujaribu nyumbani. Nilianza kwa kuandika majina ya vioski pale Migosi, nikachora kuku kwenye ukuta wa hoteli, na mwishowe jirani aliyefiwa akaniletea picha ya pasipoti ya mumewe akaomba nimchoree kubwa, ya kuwekwa mezani siku ya mazishi.

Picha ya pasipoti huishia shingoni. Shingo kushuka chini, mtu wa kuchora ni lazima ajitafutie. Mimi nilikuwa nimesoma mwili mmoja tu duniani, nao ulikuwa wa ofisa wa majini. Nikamvika marehemu suti badala ya koti la buluu, nikamsimamisha kama Kapteni, nikamficha mkono kama Kapteni. Mjane alilia akasema, "Sikujua kama alikuwa mkubwa hivi."

Kutoka siku hiyo sikukosa kazi. Leo nina kibanda Mamboleo, karibu na makutano, mlango kwa mlango na fundi wa majeneza. Watu hutoka kwake huja kwangu. Siku hizi kuna mabango ya kuchapishwa yenye mawingu na njiwa, na vijana wa kompyuta wanaweza kumvika marehemu suti kwa dakika mbili. Lakini wakiletewa picha iliyochakaa au iliyopigwa gizani, wao huleta mtu mwenye ukungu. Mimi huleta mtu. Nasema hivyo bila kujisifu. Ni kazi na ninaijua.

Utani ulikuwepo. Mjane mmoja kutoka Otonglo alisimama mbele ya picha ya mumewe, mikono kiunoni, akaniuliza, "Mama, kwani mzee wangu alikuwa na vidonda vya tumbo?"

"Hapana, Mama. Huo ni msimamo wa heshima."

"Heshima ya nani? Huyu aligongwa na lori. Tumbo yake ilikuwa sawa kabisa."

Fundi wa majeneza alicheka mpaka akaacha msumeno. Tangu siku hiyo akawa ananiita daktari wa tumbo. "Daktari, mgonjwa wako mwingine amefika!" angepaza sauti mteja akikaribia. Nilicheka naye. Yule mjane naye aliichukua picha, maana uso ulikuwa wa mumewe kabisa, akaitundika.

Sasa niseme jambo ambalo lilinikaa moyoni wakati wote huo.

Mama tulikuwa na picha yake, ya kikundi cha kina mama wa kanisa, rangi nzuri, anacheka. Baba hakuwa nayo. Alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale wanafunzi wa bweni huyabeba, na mtu wa kazi hiyo hapigwi picha. Picha pekee ilikuwa ya kitambulisho, na kitambulisho huchukuliwa na serikali wakati wa kibali cha mazishi. Kilichobaki ni fotokopi niliyokuwa nimetoa kwa ajili ya fomu ya basari, ule msaada wa karo. Fotokopi ya kitambulisho unaijua: uso wa mtu mweusi huwa doa la wino lenye masikio mawili. Hiyo ndiyo sura ya baba tuliyokuwa nayo.

Sisi watatu wakubwa tulimkumbuka. Mziwanda hakuwa na kitu. Alipokuwa na miaka minne hivi nilikuwa nikimchukua Jumamosi kazini, anakaa kwenye zulia na kikombe cha uji. Aliniona kila wiki nikipanda ngazi na kumpangusa yule mtu uso kwa upole, paji, mashavu, kidevu. Siku moja akamvuta mpishi aproni akamuuliza, "Huyo ndiye baba yetu?"

Mpishi alicheka kwanza. "Mtoto wangu, baba yako na hiyo pua?" Halafu akaniona juu ya ngazi, akaenda jikoni akamletea mtoto mandazi mawili.

Niliapa pale juu ya ngazi kwamba atamwona babake. Lakini nilichora wa watu, mwaka baada ya mwaka, bila kumgusa wangu. Niliogopa. Ukikosea mume wa mtu, mjane atakwambia, naye anamjua. Nikimkosea baba, mziwanda hangejua. Angebeba uongo wangu maisha yake yote, akiupenda.

Mwaka jana alimaliza chuo cha uuguzi. Alipata kazi mbali, na tukakubaliana kwamba kabla hajaondoka tujengee makaburi ya wazazi saruji na kufanya ibada ya kumbukumbu nyumbani, bara kidogo baada ya Otonglo. Tulipokuwa tukipanga akaniambia, "Dada, picha ya mama itakuwa mezani. Ya baba je?"

"Tutaweka maua."

"Umechora wazee wa kila mtu." Hakusema kwa hasira. "Mimi nataka kumwona mara moja kabla niende. Hata kama ni kwa rangi."

Nikaanza kesho yake. Nilikuwa na fotokopi, nilikuwa na masikio, na nilikuwa na nyuso za ndugu zangu za kukopa: paji la ndugu yangu, mdomo wa anayemfuata, na macho nikayatafuta kwenye kumbukumbu mpaka yakaja. Uso ulitoka. Najua ulitoka kwa sababu ndugu yangu aliingia kibandani kuniletea chakula, akavua kofia. Kisha, kwa mazoea ya miaka, nikamvika suti, nikamwingizia mkono ndani ya koti.

Wiki mbili kabla ya ibada nilimpelekea Waya aitazame. Mziwanda alikuwa huko akimsaidia kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Niliiegemeza picha kwenye mlango. Waya alijifuta mikono kwa leso, akaja polepole, akachuchumaa.

"Uso ni wake," akasema. Machozi yakamtoka bila sauti. Kisha akakunja uso. "Lakini anaficha nini?"

"Ni mtindo tu, Waya. Hivyo ndivyo wakubwa husimama."

"Wakubwa wa wapi? Ndugu yangu alikuwa anasalimia hata mlevi kwa mkono. Mtu akificha mkono mbele ya wageni, ama ameiba, ama mkono ni mgonjwa." Akanigeukia. "Watu watakuja hapa wote. Atawasalimia na nini?"

Mziwanda alikuwa amesimama nyuma yetu, magamba ya omena yakimng'aa mikononi. Alikuwa akimtazama babake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo karibu miaka ishirini, na kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa hiki:

"Baba alikuwa na ulemavu wa mkono?"

Nikafunika picha na gunia, nikarudi Mamboleo.

Kazi ya kumtoa mkono ilinishinda siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sikuwahi kuchora mkono hata mmoja. Niliwaficha watu wote mikono. Niliukwangua mkono wa koti, nikapaka rangi upya, nikaweka vidole, nikafuta. Fundi wa majeneza alikuja na chai yake akatazama.

"Daktari. Hiyo ni mkono ama ndizi ya Kisii?"

"Ondoka."

"Naondoka. Lakini usimzike mzee na ndizi." Akasita mlangoni, utani ukamwisha. "Pole. Ni baba yako. Pumzika kwanza."

Sikupumzika. Asubuhi ya nne nilipanda Milimani. Niliacha kazi ile zamani, lakini mama mwenye nyumba bado yuko, mzee sasa, anatembea na fimbo. Aliposikia nataka kumwona Kapteni hakuuliza sababu. "Ngazi iko pale pale," akasema.

Sebuleni kulikuwa na mgeni, mzee Mwingereza aliyekuja kutazama ndege wa mafunjo kule Dunga, darubini shingoni. Alikuwa amesimama mbele ya picha. Tukaanza kuzungumza, Kiswahili chake kibovu na Kiingereza changu cha kidato cha pili. Nikamuuliza kwa nini mtu wa vita afiche mkono. Akasema zama zile kwao ilikuwa ishara ya mtu muungwana, aliyetulia, asiye na haraka. Halafu akatabasamu. "Na pia mikono ni migumu. Wachoraji wengi waliipenda sana ishara hiyo."

Nikamtazama Kapteni upya. Mkono wa kulia ndani ya kizibao. Wa kushoto nyuma ya kofia. Miaka yote hiyo nilikuwa sijaona kwamba mwalimu wangu hakunifundisha mikono kwa sababu hakuwa na hata mmoja.

Nikapanda ngazi na kumwambia mgeni kuhusu doa langu lisilotoka. Aliwasha taa ya simu akanipa, akaniambia niimulike kutoka ubavuni, si mbele. Nikafanya hivyo.

Halikuwa doa. Chini ya ule weupe kulikuwa na vidole. Vinne na gumba, vimelala juu ya kizibao, vimechorwa, kisha vikafunikwa kwa rangi nyeupe. Mgeni alinieleza kwamba rangi ya mafuta ikizeeka sana hupungua nguvu ya kuficha, na kilichofunikwa huanza kuonekana. Yule mchoraji aliujaribu mkono. Ukamshinda, au mteja hakuupenda, akaufuta akauingiza kwenye nguo. Na mimi, msichana wa Migosi, nilikuja na kitambaa laini, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikijaribu kuufuta mara ya pili.

Mama mwenye nyumba, akiwa chini na fimbo yake, aliuliza kama uchafu umeonekana.

"Si uchafu, Mama. Ni mkono wake."

Alisema kwa Kijaluo kwamba basi aniombe msamaha kwa kunigombeza miaka yote ile. Nilishuka nikacheka, na yeye akacheka, na mgeni akacheka bila kuelewa.

Nilirudi kibandani nikiwa sina hasira na mtu. Yule mchoraji alikuwa na ruhusa ya kushindwa. Ofisa wake alijulikana na ukoo mzima, meli ilikuwepo kutaja cheo chake, kibati kilikuwepo kutaja jina. Baba yangu hakuwa na kibati. Nilichukua brashi, nikatafuta mwanga, na katika kioo kidogo cha wateja, kile wanachotumia kujiweka sawa baada ya kulia, nikauona mkono ulioshika brashi.

Mkubwa. Vifundo vinene. Gumba fupi lililopinda nje kidogo. Mikono ya kupakua mawe. Nilikuwa nimeubeba mfano mwilini mwangu miaka yote.

Nilifanya kazi siku sita. Nilimvua baba ile suti. Nikamvika shati la khaki, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, kama alivyovaa. Pale Kapteni alipokuwa na meli, baba nikamwekea sanduku la bati lililokamilika, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa meli yake. Na mkono wa kulia nikauweka juu ya kifuniko, vifundo vikigusa bati, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolijaribu sanduku: aligonga mara tatu akasikiliza kama mshono umeshika. Nilitazama kwenye kioo, nikachora. Kovu tu ndilo sikuwa nalo. Alikuwa na moja chini ya gumba, bati lilimkata kabla sijazaliwa. Hilo nilikumbuka bila kioo. Alama tatu: hudhurungi, waridi, tone jeupe.

Fundi wa majeneza alikuja siku ya mwisho. Hakuniita daktari. Alinyoosha kidole chake, akakirudisha. "Hii sanduku," akasema, "inaweza kubeba vitabu."

Siku ya ibada tuliwaweka mezani mama na baba, nje chini ya hema. Watu waliingia kwa mstari, kama kawaida, wakapita mbele ya meza. Waya alikuwa wa kwanza. Alifika, akaufuta mkono wake kwenye leso kama anayetaka kusalimia, kisha akagundua alichokuwa akifanya, akacheka na kulia pamoja. Akanitafuta kwa macho kati ya watu. Akaninyakua mkono wangu wa kulia, akauinua juu kabisa, kama mara ile ya kwanza mbele ya wazee, baadhi yao wakiwa bado hai na wameketi pale pale.

"Si niliwaambia?" akasema.

Aliyekuwepo alielewa.

Mziwanda alikuja mwisho, baada ya wageni. Alisogeza kiti akaketi mbele ya babake, karibu, kama mtu aliyemtembelea mgonjwa aliyepata nafuu. Alimtazama uso. Kisha akautazama mkono kwa muda mrefu, na sanduku, na akaniuliza baba alikuwa akigongaje. Nikamwonyesha juu ya meza. Mara tatu. Akajaribu. Nikamwambia hapana, na vifundo, si na ncha za vidole. Akajaribu tena, sawasawa.

Aliondoka na picha ile, imefungwa kwa shuka mbili na kamba. Iko ukutani kwake, juu ya kitanda, katika mji ambao mimi sijafika. Mwezi uliopita yule mjane wa Otonglo alinirudishia mumewe kwapani, akanitaka nimtoe mkono, na fundi wa majeneza amesema kliniki ya tumbo imefungwa rasmi. Nilikuwa nimeanza kukwangua koti simu ilipolia. Alikuwa mziwanda. Alisema muuguzi mwenzake aliingia chumbani kwake, akaona picha, akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ni baba," akasema. "Halafu nikamwambia mkono ni wa dadangu."

Nikamwambia asinicheleweshe, nina kazi. Nikaiweka simu chini, nikakaa hivyo kidogo, mikono ikiwa magotini.